Aliyepewa Mji Mkuu

Paukwa. Tafadhali msiitikie. Zamani za kale watu waliitikia "pakawa" bila wasiwasi, lakini hizi ni zamani za juzi tu, na neno hilo bado linasubiri kibali. Hata jina la nchi yetu sitalitaja kwa sababu hiyohiyo. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani nyingi, kiasi kwamba mtu akisikia mlango wake unagongwa, moyo humwenda mbio kwa amani.

Mimi naitwa Chande, fundi wa makochi. Nasimulia haya nikiwa na akili timamu na nikiipenda serikali. Mkono wangu unatetemeka kwa sababu ya baridi, ingawa jua la leo linaweza kukaanga samaki.

Mambo yalianza pale Wizara ya Utulivu wa Mazungumzo ilipogundua jambo la kutia hofu. Makundi ya siasa mtandaoni yalikuwa yamekwisha kutulia kama yalivyoagizwa, na watu wake walikuwa wakitakiana asubuhi njema na kutumiana picha za waridi. Lakini makundi ya watu wanaojifurahisha tu, wapenda maua, wafuga kuku, wapika keki, hayo yalikuwa na kelele kutwa kucha. Watu walikuwa wanacheka. Wizara ikajiuliza wanacheka nini, na kwa nini hawakuishirikisha.

Ndipo ikaundwa Tume ya Mada Zinazofaa. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Dakta Mkadamu Hasogeleki, alituhutubia kupitia kila simu nchini, hata zile zilizokuwa zimezimwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu haimkatazi mtu kufurahi. Inachotaka kujua ni unafurahia nini, tangu lini, na nani amekutuma. Asiye na la kuficha hana haja ya kuzungumza."

Tulipiga makofi majumbani mwetu, kila mtu kwa nguvu za kutosha kusikika kwa jirani.

*

Wapishi ndio waliotangulia kukiona cha moto. Tume ilipiga marufuku habari za unga unaoumuka, maana kinachoumuka leo kesho kitafurika. Mwiko nao ukawa mwiko, na mapishi yote yakaandikwa upya: koroga kwa kifaa husika. Wafuga kuku wakakatazwa kusema kwamba jogoo amezeeka. Ilipasa waseme jogoo ana uzoefu.

Nilicheka kidogo, nakiri, lakini nilichekea ndani ya mto wa kochi. Kisha likamfika Bwana Kitwana, nami nikaacha kucheka hata humo ndani.

Bwana Kitwana alikuwa karani wa posta mwenye bustani ndogo. Siku moja aliandika kwenye kundi la wapenda miti: "Mchungwa wangu umezeeka, hauzai, na umeziba jua lote la uani. Niufanyeje?" Watu wawili wakamshauri aukate. Wote watatu walipelekwa Kimya.

Kimya ni mji. Hauko kwenye ramani, lakini basi lake lipo, la bluu, nalo hupakia nyuma ya ofisi za Tume kila siku ya gulio. Linakwenda limejaa na kurudi karibu tupu. Hukumu huandikwa kwamba fulani "atakaa Kimya," na kuanzia hapo ndugu zake nao hukaa kimya, kwa herufi ndogo.

Bwana Kitwana ni miongoni mwa wachache waliorudi. Ukimsalimia anajibu, "Nzuri." Ukimuuliza mkewe yuko wapi anajibu, "Nzuri." Asubuhi utamkuta akimwagilia ule mchungwa kwa maji ya kunywa, na anapoumwagilia huuinamia kama mtu anayeomba radhi. Mimi nikipita pale huangalia upande wa pili wa barabara, kwa kuwa naogopa.

*

Sasa nielezeni, mtu akitaka kuwa salama kabisa katika nchi kama hii, ajiunge na kundi gani? Mimi niliwaza sana, nikafungua kundi la vitendawili. Niliona ni mchezo wa watoto na vikongwe, hauna mti wala jogoo. Nikajiweka msimamizi wake na nikalala usingizi mnono.

Mchezo mnaujua. Mmoja anasema, "Kitendawili," wengine wanajibu, "Tega." Anatega. Waliobaki wakishindwa kutegua, mtegaji anasema, "Nipe mji." Wanampa mji wowote wanaoutaka, naye anajifanya amekwenda huko, amepokewa vizuri, amekula na kunywa, na ndipo anatoa jibu. Hivyo ndivyo walivyocheza bibi zetu, na hakuna mji hata mmoja uliowahi kuhama.

Bingwa wetu alikuwa Bi Zamoyoni, mkunga mstaafu wa mtaa wetu. Mikono yake ndiyo iliyonipokea duniani, na hakuacha kunikumbusha kwamba nilitoka na miguu mbele, kwa ukaidi. Kutega ndiko kulikobaki kuwa kazi yake. Tulimpa miji mpaka tukaishiwa. Alikuwa na Chungani, Sokomoto, Kibwagizo, Bandari Mpya, na kila akipewa mmoja aliandika, "Nimefika, watu wake wananisalimia, wanawasalimu na nyie."

Siku moja akatega: "Anakula kutwa wala hashibi, ukimnywesha maji anakufa."

Tulihangaika tangu asubuhi. Mwishowe Mwalimu Ndaro, ambaye hapendi kushindwa, aliandika kwa hasira: "Basi chukua Makaoni, pamoja na viunga vyake vyote."

Makaoni ndio mji mkuu wetu. Bi Zamoyoni akashukuru, akasema amefika na amekuta watu wa huko hawana maji ya kumnawisha mgeni mikono, kisha akatoa jibu. Lilikuwa moto. Tukacheka, nami nikarudi kwenye kochi langu.

Tume ina wasomaji wa kila kundi. Msomaji wetu, kwa bahati mbaya, alilelewa shule za bweni na hakuwahi kukaa na bibi yake. Alisoma kwamba mwanamke mmoja anapokea miji ya nchi, mji baada ya mji, kwa maneno ya mafumbo, na kwamba sasa amekabidhiwa mji mkuu. Aliandika taarifa kwamba serikali imepinduliwa polepole.

*

Walikuja dukani kwangu wawili, mchana kweupe, wamevaa mashati meupe. Mrefu alizungumza na mfupi alisikiliza. Walikaa kwenye kochi ambalo halijawekwa sponji, wakazama mpaka magoti yakawafika kidevuni, lakini sikuthubutu hata kutabasamu.

"Fundi Chande, hujambo? Sisi hatuna ubaya," alisema yule mrefu. "Tunamtafuta mwenye miji."

"Ule ni mchezo tu, ndugu zangu."

"Kwa hiyo mnaichezea nchi."

"Hapana. Ni mila. Tumeachiwa na wazee."

Mfupi akatoa kalamu. "Wazee gani?" aliuliza mrefu. "Majina."

"Wamekufa wote."

"Wamekufa baada ya kutoa miji, au kabla?"

Sikujua jibu lipi ni salama, kwa hiyo nikasema yote mawili. Yule mrefu akanipigapiga begani kwa upole, akauliza kama tutakunywa naye chai siku nyingine, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililowaleta.

"Na huyo anayekula kutwa wala hashibi, ni nani?"

"Moto, mkuu."

"Moto wa nani?"

Jioni hiyo walimchukua Bi Zamoyoni. Alitoka na mkoba wake wa zamani wa kazi, ule wenye mkasi na uzi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuitwa ghafla. Aliponipita aliniambia nisisahau kula. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

*

Kesi ilisikilizwa ukumbini kwa Tume, na mimi nikaitwa kama msimamizi wa kundi. Ukumbi ulijaa. Walinzi walisimama kila dirisha, ingawa madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye sauti kubwa. Alimwita Bi Zamoyoni kikongwe mchochezi aliyejificha nyuma ya kazi ya kushika matumbo ya watu.

"Mwanangu," alisema Bi Zamoyoni, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Kijana akakohoa, akageukia karatasi zake. Baadaye nilisikia kwamba mkewe alikuwa mjamzito, mwezi wake umefika.

Mimi nilipopewa nafasi nilijikaza, nikasema mtu hawezi kutoa mji usio wake, kwa hiyo Mwalimu Ndaro hakutoa kitu na Bi Zamoyoni hakupokea kitu. Nilidhani nimesema jambo la busara. Mwenyekiti Hasogeleki alikuwa amekwisha kuinua rungu lake kukubali ama kukataa, sijui, ndipo ofisa wa maji alipoinuka kutoka safu ya nyuma, uso unang'aa kama wa mtu aliyeokota pesa.

"Mheshimiwa, naomba tusiharakishe kuufuta umiliki huu," alisema. "Kama Makaoni ni mali ya mshtakiwa, basi yeye ndiye anayepaswa kueleza kwa nini maji hayatoki."

Unaweza kusema niliwasikia wakubwa wakifikiri.

"Kabla sijapewa yalikuwa yanatoka?" aliuliza Bi Zamoyoni.

"Hilo liko nje ya mada," alisema Mwenyekiti.

Basi maofisa wakapanga foleni. Wa barabara akamkabidhi mashimo ya Sokomoto. Wa afya akamkabidhi hospitali ya Kibwagizo, ambayo ina daktari lakini haina dawa, au ina dawa lakini haina daktari, hakukumbuka vizuri. Wa usafi alimpa jalala la Chungani lililofunika shule. Kila mmoja alipomaliza alirudi kitini akitembea kwa wepesi wa mtu aliyetua gunia. Wengine walipeana mikono. Bi Zamoyoni alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, na nikagundua kwamba wengi wao aliwapokea duniani yeye.

Mwenyekiti akasimama. "Kwa kuwa mshtakiwa ameitelekeza miji yake kwa kiwango cha kusikitisha, Tume inamhukumu kukaa Kimya mpaka maji yatakapotoka katika miji hiyo yote."

Baba yangu alikufa akisubiri maji ya Makaoni, na yeye aliambiwa habari zake na baba yake. Bi Zamoyoni aliufumbata mkoba wake kifuani, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono ile ikitetemeka, mikono ambayo haikutetemeka nilipotanguliza miguu.

Lakini nchi yetu inafuata sheria, na sheria ya Tume inataka kosa lioneshwe kabla hukumu haijagongwa muhuri. Mwenyekiti alimwamuru aoneshe jinsi anavyochukua mji. "Ukituonesha, muhuri unagongwa. Ukishindwa kutuonesha, basi hakuna kosa, utakwenda nyumbani. Sisi si watu wabaya."

Bi Zamoyoni akasafisha koo. "Kitendawili."

"Tega," alijibu kila mtu aliyekuwemo ukumbini. Walijibu walinzi, akajibu mwendesha mashtaka, akajibu na Mwenyekiti mwenyewe, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nyumba yangu haina mlango."

Nilitaka kulia kwa furaha. Alikuwa amechagua kitendawili ambacho mtoto anakitegua kabla hajajua kufunga viatu. Jibu moja tu, kutoka kwa yeyote, na mji usingeombwa, na kosa lisingeonekana, na bibi yetu angekwenda zake nyumbani. Nikangoja mtu aseme.

Hakuna aliyesema. Niliwaona walinzi wakilijua jibu. Niliona midomo ya mwendesha mashtaka ikilianza na kuliacha. Makamu wa Mwenyekiti alimwinamia bosi wake, akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka kwetu: "Nyumba isiyo na mlango, Mheshimiwa, huenda anasema Ikulu. Au Hazina." Mwenyekiti akajifuta jasho, akatazama dari, akawa kama mtu ambaye hajawahi kuona kifungua kinywa maishani mwake.

Bi Zamoyoni alisubiri. Alizungusha macho safu hadi safu, na kila alipotazama vichwa viliinama. Alipofika kwangu akatikisa kichwa kidogo, kama kunikataza. Kisha akafungua kinywa aseme maneno yale mawili ambayo yangempakia kwenye basi.

"Yai," nilisema.

Naapa sikukusudia. Hofu ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na jibu lilikuwa limekaa juu yake, likamwagika.

*

Mwenyekiti alinigeukia. Alionekana kufarijika na kukasirika kwa wakati mmoja.

"Kitendawili kimeteguliwa," alisema. "Mji haukuombwa. Hakuna kosa lililooneshwa, bibi aende nyumbani." Watu walipumua, naye akainua kidole. "Hata hivyo, miji haiwezi kulala nje bila mwenyewe. Katika nchi hii anayelijua jibu ndiye anayewajibika. Fundi Chande, tunakukabidhi miji yote, pamoja na viunga vyake. Utakaa Kimya mpaka maji yatoke. Basi linaondoka siku ya gulio. Nenda kaage watu wako."

Nilisema asante. Ndilo neno lililotoka.

Niliporudi mtaani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama Sikujua, jirani yangu, mtu mzima kuliko mama yangu, alinikuta mlangoni na ndoo mbili tupu, akaniinamia.

"Shikamoo, mwenye mji. Maji lini?"

"Mama, mimi ni Chande. Jana ulinituma mkaa."

"Najua, baba. Maji lini?"

Nyuma yake walikuwepo wengine na ndoo zao. Niliwatazama, nikatafuta jambo la kuwaambia, na kwa masikio yangu nikajisikia nikisema: "Mchakato unaendelea." Wakaitikia kwa vichwa na kuondoka, wameridhika kabisa. Hilo lilinitisha kuliko hukumu.

Yule mrefu wa shati jeupe alikuja kunijulia hali. Safari hii alikataa kukaa. Alinitazama, akaitazama na meza yangu ya kazi, nadhani alinihurumia kidogo.

"Sikiliza, fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimpata wa kumpa hiyo miji kabla ya gulio, sisi hatuna neno. Tume inamtaka mwenye miji. Haimtaki Chande."

Nikamwelewa. Ilinibidi mtu anitegee kitendawili, nami nishindwe. Nishindwe kimoja tu, nimpe mtegaji Makaoni na ndugu zake wote, niwe huru. Nikaandika kwenye kundi: "Jamani, nitegeeni. Chochote." Kilichofuata ni kwamba Mwalimu Ndaro alitoka kwenye kundi. Akatoka na mwingine, wakatoka watano kwa mkupuo, na simu ikawa inatoa mlio mmoja baada ya mwingine mpaka ikachoka. Siwalaumu. Kati ya watu wote tulibaki wawili.

*

Leo ndiyo siku ya gulio. Nimekaa dukani na kochi la mteja ambalo sitalimaliza, nasikia basi la bluu likipasha injini nyuma ya ofisi za Tume. Sina ushujaa wowote. Nimekwenda msalani mara nyingi kuliko mtu aliyekula mchuzi uliochacha, na kila pikipiki ikipita nashika kiti.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Bi Zamoyoni, kule kwenye kundi letu la watu wawili.

"Kitendawili."

Vidole vikajibu vyenyewe: "Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Nikaona bado anaandika. Nikangoja.

"Sema hujui, mjukuu wangu. Kisha nipe. Mimi nimekwisha kula chumvi yangu nyingi, na huko Kimya nako hawakosi kuwepo wanaojifungua. Mkoba nimeuandaa."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa kuwa nilitaka sana kusema sijui. Nilijiona nikibaki na duka langu, na kochi, na Mama Sikujua akinituma mkaa. Nikamwona Bwana Kitwana akiuinamia mchungwa wake. Nikaandika "Si," na vidole vikasimama, kwa sababu nilikumbuka ile mikono ilivyoufumbata mkoba. Nje honi ya basi ikapigwa, ndefu, ya kuita.

Nikafuta. Nikaandika upya, na nikatuma haraka kabla hofu haijanishika mkono:

"Yai, Bibi."

Tiki mbili zikawa bluu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Bi Zamoyoni alikaa kimya, kwa herufi ndogo, nami nikainuka kufunga duka.